Deni la Digrii ya Majengo: Hesabuni Kabla ya Kutia Sahihi

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakisha kutoka, wazazi hufika ofisini kwetu parokiani na karatasi za mikopo mkononi. Wengine hutoka Umalila na viazi vyao, wengine Rungwe na ndizi. Wakisha kuuza sokoni, hupita kuuliza. Swali mojawapo ni hili: "Mtoto anataka kusomea ubunifu wa majengo. Akikopa, je, mshahara wake utalilipa deni?" Swali hilo ni jema. Basi leo tulijibu kwa hesabu.

Kwanza tulijue deni lenyewe. Mwenye kukopesha ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004. Msidhani fedha zake ni sadaka. Ni deni, na mwenye kulipa ni yule aliyesoma. Akisha kumaliza chuo hupewa miezi 24 ya kutafuta kazi. Akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Zamani deni hilo lilizidi kuongezeka kwa tozo ya asilimia 6 kila mwaka, ila tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Hiyo ni nafuu kubwa.

Sasa tushike kalamu. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022, ikawa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 240 za masomo ni 2,400,000 kwa mwaka. Masomo yakiwa ya miaka minne, ni 9,600,000. Ongezeni ada, vitabu na mafunzo ya kazini. Tufanye, kwa mfano tu, kwamba kijana anatoka chuoni na deni la 18,000,000. Akipata mshahara wa msingi wa 800,000, atakatwa 120,000 kwa mwezi, naye atalipa miezi 150, yaani miaka kumi na miwili na nusu. Akipata 1,200,000, atakatwa 180,000, naye atalipa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne.

Huenda baba mmoja atasema, "Miaka kumi na miwili! Heri asisome." La, baba, usikimbie upesi hivyo. Tazama na kile kinachobaki. Katika mfano wa kwanza hubaki 680,000 kabla ya kodi na makato mengine. Mwezi Julai 2025 mshahara wa chini kabisa serikalini ulipandishwa ukawa 500,000. Basi hata akikatwa deni, kijana huyu yu juu ya hapo. Tena makato hufuata mshahara: ukiwa mdogo, hukatwa kidogo. Deni la namna hiyo ni mzigo, lakini halivunji mgongo.

Hatari iko mahali pengine, nayo ni miaka ya katikati. Mwenye digrii ya ubunifu wa majengo hawi mbunifu kamili siku ile avaapo joho. Kwa sheria ya mwaka 2010 ni lazima asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na kabla ya hapo hufanya kazi chini ya mkubwa wake na kupimwa. Katika muda huo wengi hupata malipo madogo, na wengine hukaa nyumbani wakingoja. Miezi 24 hupita kama maji ya mto.

Sisi wa Mwanjelwa twalijua jambo hili kwa macho. Soko letu liliungua mwaka 2006, na mji ukakopa benki ili lijengwe upya. Ujenzi ulichukua miaka, na katika miaka hiyo vibanda havikuleta kodi. Jengo laweza kungoja, lakini mkopo haungoji.

Kwa hiyo ninyi wazazi, shikeni maneno matatu.

La kwanza: mkopo wa Bodi msiuogope, lakini msiuongezee deni la mtaani. Nimewaona waliouza shamba la mahindi ili kujazia ada, na wengine waliokwenda kwa wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu. Bodi hukata kwa kadiri ya mshahara. Kausha damu hachungulii mfuko wako. Huja kuchukua kitanda na ng'ombe. Na shamba likisha kuuzwa, wadogo zake watakula nini akiwa bado anatafuta kazi?

La pili: ipimeni na njia ya stashahada. Kijana aliyemaliza kidato cha nne aweza kusoma miaka mitatu katika chuo cha ufundi, akatoka fundi sanifu. Huanza kupata chake mapema, naye aweza kurudi kuitafuta digrii baadaye. Tena tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi imeanza kuwakopesha hata wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Wengi huidharau njia hii kwa sababu ya jina tu. Jina halilipi deni.

La tatu: mwulizeni mtoto mwenyewe. Kazi hii yataka mkono wa kuchora, kichwa cha hesabu na miguu ya kwenda kwenye ujenzi juani na matopeni. Mji wa Mbeya unakua. Nyumba mjini hutakiwa kibali cha halmashauri, na kibali hutaka michoro. Kazi ipo kwa aipendaye. Lakini aliyechagua kwa sababu jirani kachagua, huyo hukopa fedha na kukopa majuto pamoja.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini mwenye kuhesabu mapema hapati matanga. Basi kabla ya kutia sahihi, kaeni jioni moja, baba, mama na mtoto, na karatasi moja na kalamu moja. Andikeni deni, andikeni mshahara wa chini mnaoutazamia, hesabuni miezi. Mkiona mwaweza, tieni sahihi kwa moyo mweupe. Mkiona hamwezi, bado njia nyingine zipo, na shamba lenu lipo.