Kabla Utafute Kamera, Hesabu Sahani

Wasee wa filamu, tuambiane ukweli. Kila mtu siku hizi ako na skripti kwa simu, na ukimuuliza mbona hajaanza, atakwambia anatafuta kamera. Zi, kamera utakodi ama utaomba. Kinachoua filamu zetu ni kuanza kushuti bila ratiba. Siku ya saba doh imeisha, mwigizaji mkuu amepata kazi kwingine, na stori inafia ndani ya laptopu.

Watu husema mipango si matumizi. Kwa filamu ndefu, mipango ndiyo matumizi. Chukua skripti, gawa kila ukurasa vipande nane ujue kila sini ni ndefu kiasi gani. Andika ni wapi, ni mchana ama usiku, nani yuko na nini inahitajika. Kisha panga kwa lokesheni, usifuate mtiririko wa stori. Kama sini ya 3, ya 27 na ya 80 zote ziko kwa kibanda cha chapo, zimalize siku moja.

Sasa piga hesabu. Tuseme uko na kurasa 90 na unamaliza 5 kwa siku. Hizo ni siku 18. Mko watu 15. Chakula cha 250 na nauli ya 300 kwa kila mtu ni 8,250 kwa siku. Mara 18 ni 148,500, na bado hujalipa mtu hata ndururu. Hapo hujagusa kuedit na sauti, wala ile asilimia 10 ya dharura, maanake mvua ya Aprili haikuombi ruhusa.

Kuna wenye watasema bajeti ni ya watu wenye pesa. Wapi! Asiye na pesa ndiye anaihitaji zaidi. Kevin Smith alitengeneza Clerks, iliyotoka 1994 huko Marekani, kwa kama dola 27,575. Alishuti kwa duka alilokuwa akifanya kazi, lakini usiku tu, likiwa limefungwa. Stori ni ya mchana, so akaandika kwamba shata zimekwama. Alijua saa zake kabla ya kuwasha kamera, akazitia ndani ya stori.

Na hapa ndipo mimi sibembelezi mtu: ratiba ni heshima. Dairekta akichelewa masaa manne, anayeumia ni dada wa mekapu anayetafuta matatu ya Githurai saa sita usiku, nauli imepanda. Ukimwambia "utapata jina," kumbuka jina halinunui unga. Kama hesabu inakataa siku 18, punguza sini na lokesheni. Usipunguze chakula cha watu.

Skripti ya watu wanne kwa nyumba moja, iliyoisha, inashinda ile ya magari kulipuka ambayo hatutawahi kuiona.