Trauti ni Shahidi wa Mto



Leo ni Jumapili. Lau ungekuwa kando ya mto wa Uskoti, ukaonekana umetupa ndoana kumtafuta samaki aitwaye samoni, ungefikishwa mbele ya sheria. Huko ni marufuku kumvua samoni siku ya Jumapili. Jambo hili laweza kukuchekesha, lakini lina maana yake: angalau siku moja kwa juma, samaki huachwa apande mto bila kusumbuliwa.

Samoni huzaliwa mtoni, akaenda kukulia baharini, kisha akarejea kuzaa katika mto ule ule aliozaliwa, akiongozwa na harufu ya maji yake. Hana tofauti na wenyeji wa Kilimanjaro wafanyao kazi Dar es Salaam: Desemba ikifika, hakuna haja ya kuwauliza waendako. Mwaka 1922, katika mto Tay, mwanamke aitwaye Georgina Ballantine alimvua kwa mshipi samoni mwenye uzito wa kilo 29, na rekodi yake haijavunjwa Uingereza hadi leo.

Samoni hakufika kwetu. Aliyefika ni jamaa yake, trauti, awezaye kuishi maisha yake yote mtoni. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka ziwa Loch Leven, Uskoti, yakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza, trauti walipandikizwa pia katika mito ya Kilimanjaro, ili walowezi wapate mchezo waliouzoea kwao.

Walichagua mito hiyo kwa sababu gani? Jibu utalipata ukipita Sanya Juu na kuendelea hadi Ngare Nairobi. Jina hilo ni la Kimaasai, na maana yake ni maji baridi. Trauti hana maisha pasipo baridi. Maji yakizidi nyuzi 20 huanza kutaabika. Yakifikia 25 maisha yake yamo hatarini, kwa kuwa maji ya moto hubeba hewa kidogo. Mayai yake huyafukia katika changarawe safi, ambamo maji hupita na kuyapatia hewa. Tope likishuka kutoka shamba lililolimwa hadi ukingoni, changarawe huziba na mayai hufa.

Hapo ndipo ninapotaka tufikiri pamoja, ndugu msomaji. Sisemi tukapandikize trauti kila kijito. Yeye ni mgeni, tena mlaji wa viumbe wadogo wa mtoni. Nasema kwamba yeye ni shahidi asiyeweza kuhongwa. Ukate miti iliyoupa mto kivuli, atakufa. Uoshe bomba la dawa ya mimea mtoni, atakufa. Mifereji ikivuta maji yote wakati wa kiangazi, atakufa. Na kinachomwua yeye leo, kesho kitafika katika ndoo ya mama anayeteka maji huko chini.

Wewe uliye mjini usidhani hayakuhusu. Maji ya mto Sanya huteremka hadi Kikuletwa, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo yakaendelea na mto Pangani. Humo mna perege unayemkaanga jikoni kwako, na umeme unaowawezesha watoto wako kusoma usiku.

Sheria tunayo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini sheria haina macho. Macho ni yetu. Utakapopanda nyumbani mwishoni mwa mwaka, usiishie kwenye kuchinja mbuzi na kusalimiana. Wachukue watoto, mshuke pamoja hadi mtoni. Kama shamba la ukoo limefika majini, zungumza na wazee kwa heshima, kisha mpande miti ya asili ukingoni. Na mtoto akikuuliza maana ya Ngare Nairobi, mwambie atie mkono wake majini. Tusije tukamwachia jina tupu.