Pangaboi halibebwi na jipsamu

Na Zuhura Mbwana

Joto la Dar es Salaam likianza kukaza kuelekea Desemba, mafundi wa umeme hawapumziki. Kila nyumba inataka pangaboi, tena lifungwe leo leo. Kazi yenyewe tunaipima kwa upepo: likizunguka tu, fundi analipwa na kuondoka. Usalama wa watoto wanaolala chini yake umefichwa juu, ndani ya kile kikombe cha plastiki kinachofunika ndoano darini.

Pangaboi la kawaida lina uzito wa kilo 4 hadi 6, na likiwa kazini hutikisika muda wote. Dari ya jipsamu, ambayo sasa kila mjenzi anaitaka, ni pambo. Haiwezi mzigo huo, wala mbao nyembamba zinazoishikilia haziwezi. Ndoano ishike zege la slabu, au ubao mnene uliopigiliwa kati ya kenchi mbili. Kwa hiyo mahali pa pangaboi paamuliwe kabla dari haijafungwa. Na boliti inayoshika bomba linaloning'iniza pangaboi iwe na pini yake, kwa sababu nati peke yake hulegea kwa mtikisiko.

Upande wa umeme ndio unaonitia hofu zaidi. Swichi inatakiwa ikate waya wa moto. Ikikata nyutro, pangaboi litasimama lakini nyaya zake bado zina volti 230, na anayepanda kufuta vumbi hana habari. Waya wa ethi nao hukatwa na kukunjwa pembeni, eti linazunguka hata bila huo. Ni kweli, linazunguka. Lakini siku waya wa moto ukichubuka na kugusa chuma, bila ethi hakuna kinachoishtua sakiti breka, na chuma hicho kinabaki na umeme kikimsubiri wa kukigusa.

Nawasihi wenye nyumba, na wapangaji pia: muulizeni fundi leseni yake ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kazi ikianza, kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Izimwe meni swichi, naye apime kwa testa kabla ya kushika waya. Kisha, kabla kikombe hakijasukumwa juu, aonyeshe ndoano, pini na ethi. Fundi mzuri hatakasirika. Akidai nyongeza kwa sababu ilibidi aingie darini kupigilia ubao, mlipeni bila kunung'unika.

Mapanga yawe angalau mita 2.3 kutoka sakafuni. Chumba chenye kitanda cha dabo deka kisifungwe pangaboi kabisa. Humo wekeni feni ya ukutani, mbali na mikono ya anayelala juu.