KUMBUKUMBU ISIYOSIMULIWA NI CHUMA TU

Somo la leo: Yoshua 4:1-9 na 20-24.

Washirika zaidi ya mmoja wameniuliza swali hili inbox: "Mchungaji, kukusanya sarafu za ukumbusho ni dhambi?"

Wengine wenu mna ndugu Uingereza wanaowatumia zile sarafu za nusu pauni zenye wanyama wa vipindi na vitabu vya watoto. Kiwanda cha sarafu cha huko, Royal Mint, kilianza kutoa za sungura Peter Rabbit mwaka 2016, na za dubu Paddington mwaka 2018. Wengine mmeweka ile yetu ya shilingi 40 ya mwaka 2003, yenye picha ya Mzee Kibaki, iliyotolewa Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Na siku hizi ukifungua simu, kuna mtu anakuambia umelalia utajiri kwenye droo na hujui.

Jibu langu ni hili, mpendwa: si dhambi. Mungu mwenyewe ni Mungu wa kumbukumbu. Israeli walipovuka Yordani, aliwaagiza watu kumi na wawili wabebe mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto, na Yoshua akayasimamisha Gilgali. Kwa nini? Ili siku moja mtoto aulize, "Baba, haya mawe ni ya nini?" na baba amweleze jinsi Bwana alivyokausha maji.

Sasa angalia vizuri. Yale mawe hayakununuliwa. Hayakuwa adimu, mto ulikuwa umejaa mawe. Thamani yake ilikuwa kwenye swali la mtoto na jibu la mzazi. Siku mzazi aliponyamaza, yakabaki mawe tu.

Hapo ndipo nina mashaka na huu ukusanyaji. Sarafu ya kuuzwa inataka kinyume cha hayo. Ili ipate bei nzuri, isiguswe. Isichubuke. Ikae ndani ya plastiki, juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto. Ina picha ya rafiki wa watoto, na mtoto wa nyumba hiyo akiikaribia anafokewa: "Weka chini! Hiyo ni pesa!" Ndugu yangu, hapo hujahifadhi utoto wako. Umeufungia.

Tena bei yenyewe iko mikononi mwa wengine. Kule Uingereza kuna sarafu ya nusu pauni ya mwaka 2009 yenye picha ya bustani ya Kew. Zilitengenezwa 210,000 pekee, ndiyo maana wakusanyaji wanaigombania. Paddington anapendwa zaidi ya bustani, lakini soko haliulizi unampenda nani. Linauliza ziko ngapi. Na sisi Wakenya tulishajifunza kwamba thamani hutolewa na huondolewa. Tarehe 1 Oktoba 2019, noti ya zamani ya 1,000 iliamka ikiwa karatasi.

Yesu katika Mathayo 6 alitutahadharisha kuhusu hazina ambazo wezi wanaweza kuzifikia. Mwaka 2024 Australia ilitoa sarafu za dola moja za Bluey, yule mbwa wa katuni ambaye watoto wenu wanamjua kuliko wanavyonijua mimi. Kabla nyingine hazijawafikia watu, Julai mwaka huo wezi waliingia kwenye ghala moja Sydney na kuondoka na zaidi ya 60,000. Katuni ya kufundisha watoto kucheza na wazazi wao ikawa kesi ya polisi!

Sisi watu wa Fedha, jina la mtaa wetu tu ni mahubiri. Tunaishi Fedha, lakini fedha isiishi ndani yetu.

Kwa hiyo nasema wazi. Kama sarafu inakufurahisha na hujanyang'anya karo wala kodi ya nyumba ili kuinunua, iweke kwa amani. Lakini ukitumiwa ujumbe kwamba kuna mnunuzi wa mamilioni anayesubiri sarafu yako ya 40, na wewe utume kwanza "ada ya usajili" kwa M-Pesa, usitume. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi. Msipoteze chakula cha watoto kwa tamaa iliyovaa nguo za kumbukumbu.

Na sasa jambo ambalo hasa limenisukuma kuandika. Wewe uliyekua ukitazama Machachari, unawakumbuka Govi na Baha kwa nini? Jiulize polepole. Wengi wetu tukikumbuka kipindi tunakumbuka na sebule: runinga moja, watoto wa jirani wamejazana sakafuni, mama anapitisha chai, baba anajifanya hatazami na anacheka. Kilichokuwa kitamu ni kukaa pamoja. Hakuna kiwanda kinachoweza kukichapa hicho kwenye chuma.

Leo mtoto wako anatazama peke yake, kwenye simu, kona ya kitanda. Wewe uko sebuleni unatafuta bei ya utoto wako. Miaka ishirini ijayo, yeye atakumbuka nini?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 231, inakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Ndiyo sababu sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Lakini Mungu anayo sura yake, na aliiweka ndani ya yule mtoto aliye kona ya kitanda (Mwanzo 1:27). Yesu alipoonyeshwa dinari, alitazama sura iliyo juu yake ndipo akasema irudishwe kwa nani (Luka 20:24-25). Kilicho na sura ya Mungu, kipe Mungu. Anza na saa moja ya jioni.

Wiki hii fanya hivi. Itoe hiyo sarafu kwenye plastiki. Mpe mtoto aishike. Akikuuliza, "Hii ni ya nini?", keti chini umsimulie: tulipotoka, tulichokosa, na jinsi Bwana alivyotuvusha. Na kama huna sarafu yoyote, una mdomo na una ushuhuda. Hiyo inatosha kwa Gilgali.

Baba katika jina la Yesu, ziguse nyumba zetu. Geuza mioyo ya wazazi iwaelekee watoto. Funga mlango wa kila tapeli anayewinda familia hizi. Watoto wetu wasirithi vitu visivyo na hadithi. Amina.

Kama umepokea, andika AMINA, halafu weka simu chini ukaketi na mwanao.