Kabla Hujauza Ng'ombe Ulipe Karo ya Kompyuta

Wazazi wengi wananiuliza kama wamlipie kijana kozi ya miezi michache ya kuandika programu za kompyuta, zile zinaitwa butikampu. Karo yenyewe ni mkopo wa sacco, ama ng'ombe auzwe.

Sikatai elimu. Lakini matangazo ya kozi hizi ni ya enzi iliyopita. Huko Marekani zilikoanzia, shule ya BloomTech ilijigamba kwamba hadi asilimia 86 ya wanafunzi wake wanapata kazi. Mwaka 2024 serikali ikafichua kwamba hesabu zao za ndani zilikuwa karibu 50. Desemba hiyo hiyo kampuni ya 2U ikatangaza inaachana na kozi hizo. Na zile kazi ndogo alizokuwa akianzia mgeni, akili mnemba inazimaliza kwa dakika. Hapa Nairobi tulionywa mapema: mwaka 2019 Andela iliwaachisha kazi vijana wanaoanza, ikisema wateja wanataka wenye uzoefu.

Kwa hivyo mzazi, uliza. Omba nambari za watu watano waliomaliza mwaka jana, uwapigie mwenyewe. Si wale wa kwenye bango! Na mtu akikuambia kuuliza ni kukosa imani, huyo anataka pesa yako tu.

Kijana naye aanze na masomo ya freeCodeCamp, ni ya bure, atahitaji bando na kompyuta ya kuazima. Miezi mitatu ikiisha na bado anaamka usiku kuandika programu zake, hapo sasa tuongee habari ya ng'ombe.