Bando la usiku, boom na sapu: Kwa nini simu inawashinda wanachuo

Ni saa saba usiku. Taa za chumba hosteli zimezimwa zamani, lakini nyuso nne bado zinang'aa vitandani. Hakuna anayesoma. Mmoja yuko TikTok, mwingine anafuatilia mkeka wake, wawili wanamalizia sizoni. Kipindi cha kwanza kinaanza saa moja asubuhi.

Picha hii haimshangazi mtu aliyewahi kukaa hosteli, iwe Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza. Lawama humwangukia mwanafunzi: hana nidhamu, kaja mjini kuchezea simu. Ila ukipiga hesabu ya bando, unaona kuna zaidi ya hapo.

Vifurushi vya usiku huuzwa kwa bei chee kuliko vya mchana, maana saa hizo mtandao hauna msongamano. Mkopo wa chakula na malazi, boom kwa lugha ya chuo, ni Sh10,000 kwa siku, baada ya kupandishwa kutoka Sh8,500 mwaka 2022. Kwa mtu wa bajeti hiyo, kuperuzi mchana ni anasa. Na GB za usiku zikifika alfajiri zinakatika, zimetumika au hazijatumika. Kwa hesabu hiyo, kulala ndiyo kunaonekana kupoteza hela.

Je, huo ni uraibu? Neno lenyewe lilianza kama utani. Mwaka 1995 daktari wa akili wa New York, Ivan Goldberg, aliorodhesha dalili za ugonjwa wa intaneti kwa kejeli tu. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Kimberly Young akalichukua jambo hilo kwa uzito, na baadaye akatunga dodoso la maswali 20 ambalo watafiti wanalitumia hadi leo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limekwenda taratibu zaidi. Mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022 unatambua uraibu wa magemu na wa kamari. Intaneti kwa ujumla haimo. Kinachoangaliwa humo wala si idadi ya saa. Ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo kuliko mambo mengine yote, na kuendelea hata pale maisha yanapoharibika, kwa kawaida kwa miezi 12.

Kwa kipimo hicho, wengi wa hosteli si waraibu, wamechoka tu. Wa kuangaliwa ni yule aliyekwisha kukamata sapu mbili, anadanganya kwao kuhusu ada, na bado anaweka mkeka. Kamari ndiyo hatari kuliko zote, kwani pesa ya kubeti na simu ya kubetia viko mfuko mmoja.

Akidisco, mkopo unasimama, lakini deni la fedha alizokwisha kupokea linabaki palepale. Anarudi nyumbani bila cheti, akiwa na deni.

Ushauri wa "acha simu" ni rahisi kuutoa. Mlevi anaweza kukaa mbali na baa. Mwanachuo hawezi, maana notsi ziko WhatsApp, matokeo yako mtandaoni, hata boom inaingia kupitia humo humo. Tena programu zenyewe zimetengenezwa zisiishe: mbinu ya kushusha ukurasa bila mwisho ilibuniwa na Aza Raskin mwaka 2006, na mwenyewe amekiri kuijutia. TikTok nayo iliweka kikomo cha dakika 60 kwa siku mwaka 2023, ila kwa walio chini ya miaka 18. Wanachuo wengi wamepita hapo.

Vyuo vina ofisi za mshauri wa wanafunzi, lakini wengi huzigonga matokeo yakishatoka, si pale usingizi unapoanza kupotea. Swali moja la usingizi kwa mwaka wa kwanza, katikati ya muhula, lingewanasa mapema zaidi.

Wanafunzi wenyewe wana dawa yao: UE ikikaribia, laini inahamia kwenye kitochi na simu janja anaachiwa mtu wa chumba cha jirani. Inafanya kazi kwa siku tatu nne hivi, hadi CR atume kwenye grupu kwamba ukumbi wa mtihani umebadilishwa.