Ukurasa wa Vijana: Kwa Nini Chuma Huelea, na Kwa Nini Chombo Hupinduka



Wakaao Mwanza huona kila siku jambo la ajabu, wasilistaajabie kwa kuwa wamelizoea. Msumari ukianguka ziwani huzama papo hapo. Lakini kivuko cha Kamanga, ambacho ni chuma, huelea hali kimebeba watu na magari. Kurani Tukufu imezitaja merikebu zitembeazo baharini kuwa ni miongoni mwa Ishara za Mwenyezi Mungu, na ishara huwekwa ili watu waifikiri. Basi na tufikiri.

Kila kitu kilichomo majini hushindaniwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni uzito, unaokivuta chini. Ya pili ni msukumo wa maji, unaokiinua juu. Archimedes wa Syracuse, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alieleza kipimo cha msukumo huo: ni sawa na uzito wa maji ambayo kitu kile kimeyaondoa mahali pake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja hivi. Msumari huondoa maji machache, yenye uzito mdogo kuliko wake, kwa hiyo huzama. Lakini chuma kile kile kikifuliwa kuwa bamba na kukunjwa mfano wa bakuli, huondoa maji mengi, kwani ndani yake mmejaa hewa. Chombo cha tani 500 huteremka majini mpaka kiondoe tani 500 za maji, kisha hutulia. Ukikipakia tani 10, huteremka tena mpaka kiondoe tani 10 zaidi. Ndiyo maana ubavuni mwa meli huchorwa alama ambayo maji hayapasi kuipita.

Jaribuni nyumbani, mbele ya wazazi wenu. Eleza bakuli ya bati katika beseni la maji, kisha weka mawe madogo katikati yake. Itashuka kidogo na kutulia. Sasa yasogeze mawe yote upande mmoja: italala, na pengine itanywa maji. Mwisho, yaondoe mawe, usimamishe chupa ndefu iliyojaa maji katikati ya bakuli, kisha uisukume bakuli kidogo: ni rahisi kupinduka. Basi uzito peke yake si hoja. Mahali ulipowekwa nako ni hoja.

Mwamba wa Bismarck, unaoonekana majini karibu na mji wa Mwanza, umesimama juu ya miamba mingine kwa sababu uzito wake huangukia ndani ya kikalio chake. Chombo nacho kikilala kidogo, maji hukisukuma zaidi upande ulioshuka, nacho hurudi wima. Lakini uzito ukiwa juu sana, au ukihamia wote upande ule ulioshuka, msukumo huo hushindwa, na chombo hupinduka.

Haya si maneno ya darasani tu. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa na nafasi ya abiria 430, ilipinduka ikikaribia Mwanza. Waliofariki wanatajwa kuwa zaidi ya 800, na baadhi yao wamelala katika makaburi ya Igoma. Meli ile ilielea kwa muda kichwa chini, kwa kuwa hewa ilikuwa imenaswa ndani yake. Waokoaji walipotoboa tundu ili wawatoe waliokuwa hai ndani, hewa ilitoka, maji yakachukua nafasi yake, nayo ikazama. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye nafasi ya watu 101, kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafariki. Ilielezwa kuwa abiria walihamia upande mmoja wakijitayarisha kushuka. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Tena jueni kuwa kitu kilicho katika mwendo huelekea kuendelea na mwendo wake. Chombo kikikata kona ghafula, watu na mizigo hutupwa upande wa nje, na uzito huwafuata.

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alipiga mfano wa watu waliogawana merikebu kwa kura, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwaudhi wa juu. Akaeleza kwamba wakiachwa, wataangamia wote. Wakizuiliwa, wataokoka wote. Anayejazia chombo kupita kiasi ni mfano wa anayekitoboa, na abiria anyamazaye ameshirikiana naye. Kumtegemea Mungu hakumruhusu mtu kuzipuuza kanuni alizoziweka Mungu Mwenyewe.

Kwa hiyo, mkisafiri kwenda Ukerewe, Ukara au Bukoba, ombeni dua ya safari, vaeni koti la kuokolea, na kaeni mahali penu mpaka chombo kifungwe gatini. Mkikiona kimejaa kupita kiasi, ngojeni kingine. Nanyi wazazi, msiwaharakishe watoto kwa ajili ya sokoni wala harusi. Kuchelewa kuna udhuru, roho haina badali.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.